Kinachobanwa si Sauti: Istilahi za Sauti katika Utengenezaji wa DVD

Miaka kadhaa iliyopita, kabla hatujaanza kazi ya istilahi, tuliombwa kufasiri mwongozo mfupi wa kurasa mbili. Mwongozo huo ulikusudiwa mafundi wa video wa mjini Iringa waliokuwa wamepewa kazi ya kuwarekodi wazee wa vijijini wakipiga ala zao na kusimulia habari za zamani, ili zitengenezwe DVD za kupelekwa mashuleni. Sentensi moja katika fasiri yetu ilisema: "Sauti igandamizwe, na umbo lake liwe la kawaida." Tuliisoma mara mbili, tukaiona kuwa ni Kiswahili safi, tukaikabidhi.

Fundi aliyeipokea, kijana hodari mwenye kibanda chake Mlandege, aliitii sentensi hiyo neno kwa neno. Kugandamiza sauti, kwake na kwa wenzake wa studio, ni kuzishusha sauti zilizo juu na kuzipandisha zilizo chini hadi zikaribiane, akafanya hivyo. Umbo la kawaida, kwake, lilikuwa MP3, maana ndilo lililojaa katika simu na flashi za wateja wake. Akafanya hivyo pia. Programu aliyoitumia haikumzuia. Akachoma DVD, akazijaribu katika kompyuta yake, zikasikika vizuri. Kisha akafuta kadi za kamera, kwa kuwa zilihitajika katika harusi ya Jumamosi iliyofuata.

DVD zilipofika shuleni na kutiwa katika deki, picha ilionekana lakini sauti haikuwapo. Mzee alionekana ameketi akidonoa nyuzi za ligombo, midomo yake ikifunguka na kufumba, na wanafunzi wakimtazama bila kusikia hata neno moja. Baadaye fundi mwingine aliitoa sauti ile ya MP3 na kuiweka upya katika namna ambayo deki huifahamu. Ilisikika, lakini mvumo wa upepo na kikohozi cha msikilizaji vilikuwa na nguvu sawa na nyuzi za ligombo. Rekodi ya awali haikuwapo tena, na mmoja wa wazee wale amekwisha fariki dunia.

Fundi hakukosa. Aliyekosa ni mfasiri, na mfasiri huyo ni sisi. Tunalieleza jambo hili hapa kwa sababu sentensi kama ile bado tunazikuta katika miongozo, katika hati za zabuni na katika vitabu vya mafunzo ya TEHAMA. Makusudio ya makala haya ni kuzitenganisha dhana zilizochanganyika, kueleza kwa ufupi jinsi kila moja inavyofanya kazi, na kupendekeza maneno yatakayomwezesha fundi kujua anatakiwa afanye nini.

DHANA TATU KATIKA NENO MOJA

Mtu anayetengeneza DVD ya harusi, ya kipaimara au ya kwaya hukutana na mambo matatu ambayo wafasiri wengi huyaita kwa jina moja.

La kwanza ni kupunguza nafasi ambayo sauti huichukua katika diski. Hapa msikilizaji hatakiwi kusikia tofauti yoyote. Kinachopungua ni wingi wa tarakimu zinazohifadhi sauti hiyo.

La pili ni kukaribianisha sauti kubwa na sauti ndogo. Mshereheshaji anayepiga kelele mbele ya kipaza sauti hushushwa, na bibi anayenong'ona baraka hupandishwa. Nafasi katika diski haipungui hata kidogo. Kinachobadilika ni sauti yenyewe jinsi inavyosikika.

La tatu ni kupunguza sauti kwa maana ya kila siku, kama vile mama amwambiavyo mtoto apunguze sauti ya redio. Hapa sauti yote hushuka kwa kiasi kimoja.

Ikiwa mwongozo unasema tu "sauti ipunguzwe" au "sauti igandamizwe", fundi ana haki ya kuchagua lolote kati ya haya matatu. Wala hatakuwa amekwenda kinyume cha maagizo.

UTEUZI WA NENO

Maneno manne yamekuwa yakitumika kwa dhana ile ya kwanza, nayo yafaa yapimwe moja moja.

Kugandamiza hueleza uzito wa kitu kukilalia kitu kingine. Linafaa katika mambo ya hewa na ya mashine, lakini mafundi wa studio wamekwisha lichukua kwa dhana ya pili, na si vema kuwanyang'anya. Ndugu yake, kukandamiza, halifai kabisa. Sauti iliyokandamizwa, kwa msomaji yeyote wa Kiswahili, ni sauti ya mnyonge aliyenyimwa kusema.

Kushindilia ni neno zuri, na mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hulifahamu barabara. Gunia la viazi hushindiliwa ili lipokee zaidi. Walakini kilichoshindiliwa hutoka kama kilivyoingia: viazi ni vile vile, na idadi ni ile ile. Katika sauti za DVD, kama tutakavyoona, mara nyingi sivyo.

Kubana ndilo tunalolipendekeza. Watumishi wa serikali wanalijua kutokana na kubana matumizi, ambako jambo linatakiwa liendelee kufanyika ingawa fedha zimepungua. Maana hiyo inakaribia sana dhana tunayoitafuta. Aidha, wafasiri wa programu za kompyuta wamekwisha kulitumia kwa mafaili, kwa hiyo si geni.

Hata hivyo liko pingamizi moja, nalo tulilipata kwa walimu wa kwaya. Mwalimu humwambia mwimbaji asibane sauti, yaani asikaze koo. Basi "sauti iliyobanwa", kwa mwanakwaya, ni sauti mbaya ya mwimbaji aliyechoka. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limetufundisha jambo kubwa kuliko tulivyotarajia: kosa halikuwa katika kitenzi peke yake, bali katika yambwa. Kinachobanwa si sauti, ni data. Tukisema "kubana data za sauti", mwanakwaya hababaiki, fundi hapotei, na dhana ya kwanza inatengana na ya pili bila ya kubuni neno jipya.

Kwa dhana ya pili tunapendekeza kusawazisha sauti, kwa kuwa hapo ni sauti hasa inayoguswa. Dhana ya tatu ibaki na maneno yake ya siku zote, kupunguza sauti na kuongeza sauti.

DATA ZA SAUTI HUBANWAJE?

Mfasiri asiyeijua kazi yenyewe hawezi kuifasiri. Kwa hiyo hatuna budi kueleza kidogo.

Sauti inayoingia katika kipaza sauti hupimwa mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Kipimo hicho kimoja huitwa sampuli. Katika DVD za video kipimo cha kawaida ni sampuli 48,000 kwa sekunde, ilhali katika sidii za muziki ni 44,100. Kila sampuli ikiandikwa kwa biti 16, na sauti ikiwa na njia mbili, yaani kushoto na kulia, tunapata 48,000 mara 16 mara 2, ambazo ni biti 1,536,000 kwa kila sekunde. Sauti iliyohifadhiwa hivyo bila ya kubanwa hujulikana kwa herufi PCM.

Kubana kuko kwa namna mbili, na mfano wa mahindi utatusaidia. Namna ya kwanza ni kama kushindilia gunia: data hupangwa kwa uangalifu zaidi, na zikifunguliwa hurudi zote, punje kwa punje. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, ni ya namna hii. Tunaiita kubana bila upotevu.

Namna ya pili ni kama kukoboa. Mashine huondoa pumba na kubakiza sembe. Sembe ni chakula kizuri, tena wengi huipenda kuliko dona, lakini hakuna mashine iwezayo kuigeuza sembe kuwa mahindi tena. Katika sauti, "pumba" ni yale ambayo sikio haliyapati. Matari yanapolia na vigelegele vikapanda, mchakato wa kanga za akina mama haumfikii mtu yeyote, ingawa kipaza sauti kimeunasa. Sauti kubwa huificha ndogo iliyo karibu nayo. Programu hutafuta sauti zilizofichwa hivyo, ikazitupa au ikaziandika kwa tarakimu chache. Tunaiita kubana kwa upotevu. MP3, AC-3 ya kampuni ya Dolby, MP2, na AAC inayotumika katika simu nyingi, zote ni za namna hii.

Kutokana na hayo hufuata kanuni ambayo mfasiri hapaswi kuiacha: data zilizobanwa kwa upotevu zisibanwe tena ila kwa dharura. Kila safari ya pili mashineni huondoa kidogo zaidi, na mara hii huondolewa pia sehemu ya kiini. Ndivyo ilivyotokea kwa ligombo letu, ambalo lilikobolewa mara mbili.

UMBIZO SI UMBO

Neno la pili lililotuponza ni umbo. Umbo ni sura ya kitu inayoonekana kwa macho. Muundo nao ni jinsi sehemu za kitu zilivyounganika, na walimu wanalitumia sana katika sarufi na fasihi. Dhana tunayoitaka ni nyingine: ni utaratibu uliokubaliwa wa kupanga data, ili chombo kinachozisoma kizielewe. Wafasiri wa programu wamekuwa wakitumia umbizo, lililotokana na kitenzi kuumba, na mafundi husema fomati. Kwa maandishi rasmi tunaliunga mkono umbizo. Lina asili katika Kiswahili na halina maana nyingine ya kuchanganya.

Jambo muhimu kuliko neno lenyewe ni kwamba umbizo halina "la kawaida". Lililo la kawaida katika simu si la kawaida katika deki. Kanuni za DVD za video, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, zinataja maumbizo ya sauti yanayoruhusiwa. PCM na AC-3 husomwa na deki zote. MP2 ni umbizo la lazima kwa deki za nchi zilizofuata mfumo wa picha wa PAL, Tanzania ikiwa mojawapo, lakini deki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au la Japani hailazimiki kulisoma. DTS imeruhusiwa kwa hiari. MP3 na AAC hazimo. Ni kweli kwamba deki nyingi husoma diski iliyojazwa mafaili ya MP3. Lakini hiyo ni diski ya mafaili, si DVD ya video, na yule anayeifananisha na hii ndiye anayepata picha isiyo na sauti.

Kwa hiyo mfasiri asiandike kamwe "umbizo la kawaida". Alitaje umbizo kwa jina lake.

HESABU YA NAFASI

Sasa msomaji atauliza: ikiwa PCM haipotezi kitu na kila deki huisoma, kwa nini tujisumbue na kubana? Jibu liko katika hesabu, nayo ni ya darasani tu.

DVD ya tabaka moja huchukua baiti 4,700,000,000, yaani biti 37,600,000,000. Tuchukue shughuli ya harusi iliyohaririwa ikawa ya saa mbili, yaani sekunde 7,200. Tukigawanya, kila sekunde inapata biti 5,220,000 hivi, kwa picha na sauti pamoja. Kiasi hiki cha biti kwa sekunde tunapendekeza kiitwe kima cha data, kwa mfano wa kima cha mshahara, ambacho nacho hutajwa pamoja na muda wake.

Tukiweka sauti ya PCM, inachukua 1,536,000, na picha inabakiwa na chini ya 3,700,000. Katika saa mbili sauti peke yake itakuwa imekula karibu asilimia 29 ya diski. Tukiweka AC-3 ya kima cha 192,000, ambacho hutumika sana kwa sauti ya njia mbili, sauti inachukua sehemu moja ya nane tu ya ile ya PCM, yaani asilimia 4 hivi ya diski, na picha inapata zaidi ya 5,000,000. Tofauti hiyo huonekana kwa macho pale watu wanapocheza: picha yenye data chache huvunjika vipande vya mraba.

Shughuli ikiwa ya saa moja au chini yake, hali ni nyingine. Nafasi ni tele, na PCM inaweza kutumiwa bila ya kuidhulumu picha. Lakini hata hapo uko mpaka. Kanuni za DVD haziruhusu picha na vinavyoandamana nayo kuzidi biti 10,080,000 kwa sekunde. Wafanyabiashara wa viazi wa Iringa na Njombe wanaijua lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu ya mdomo wake. Diski haikubali lumbesa: ikizidishiwa kima, deki hukwama katikati ya wimbo.

USHAURI KWA WANAOANDIKA MIONGOZO

Kutokana na maelezo hayo, tunawashauri walimu, wafasiri na watumishi wanaoandaa maagizo ya kazi za video wazingatie mambo yafuatayo.

(a) Kazi ya saa moja au pungufu ambayo muziki wake ni wa thamani, kama vile kwaya au ala za jadi, itengenezwe kwa PCM, na kima cha picha kikadiriwe kwa uangalifu.

(b) Kazi inayozidi saa moja itengenezwe kwa AC-3. Kima cha 192,000 kinatosha kwa hotuba na sherehe. Kwa muziki kinaweza kupandishwa hadi 256,000 au zaidi. Upeo katika DVD ni 448,000. Zamani baadhi ya programu za bei nafuu hazikuwa na AC-3 kwa sababu ya malipo ya hataza, lakini hataza hizo zilikwisha muda wake mwaka 2017.

(c) MP2 itumike pale ambapo inajulikana kwamba deki zote zitakazohusika ni za mfumo wa PAL.

(d) Muziki uliotoka katika sidii ubadilishwe kutoka sampuli 44,100 hadi 48,000 kabla ya kuunganishwa na picha. Sauti ya simu, ambayo kwa kawaida imekwisha banwa kwa AAC, ifunguliwe na kuhaririwa ikiwa PCM, kisha ibanwe mara moja tu mwishoni.

(e) Sauti isisawazishwe isipokuwa mwongozo umeagiza hivyo waziwazi, kwa maneno hayo hayo.

(f) DVD ijaribiwe katika deki kabla ya kukabidhiwa. Kompyuta si shahidi wa kutosha.

(g) Nakala mama, yaani rekodi kama ilivyotoka katika kamera, isifutwe. Ikibidi kupunguza nafasi, sauti yake ihifadhiwe kwa umbizo lisilo na upotevu.

Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki, na miongoni mwa alioukusanya umo muziki wa Wahehe unaopigwa kwa ligombo. Rekodi hizo zinasikika hadi leo. Hakuwa na vyombo bora kuliko vya fundi wetu wa Mlandege. Alichokuwa nacho ni utaratibu wa kuhifadhi nakala ya kwanza. Sisi, zaidi ya miaka hamsini baadaye, tulimpa fundi wetu sentensi yenye maneno manane ambayo haikumwagiza ahifadhi chochote.

MANENO YANAYOPENDEKEZWA

Kima cha data: idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya sauti au picha.

Kubana bila upotevu: kubana ambako data zikifunguliwa hurudi zote kama zilivyokuwa.

Kubana data za sauti: kupunguza wingi wa data zinazohifadhi sauti, bila ya kukusudia kubadili jinsi inavyosikika.

Kubana kwa upotevu: kubana ambako data zinazodhaniwa kuwa hazisikiki huondolewa na haziwezi kurudishwa.

Kupunguza sauti: kushusha ukubwa wa sauti yote kwa kiasi kimoja.

Kusawazisha sauti: kukaribianisha sauti kubwa na sauti ndogo katika rekodi moja.

Nakala mama: rekodi ya kwanza, kabla ya kuhaririwa au kubanwa.

Sampuli: kipimo kimoja kati ya vingi vinavyochukuliwa kila sekunde ili kuiandika sauti kwa tarakimu.

Umbizo: utaratibu uliokubaliwa wa kupanga data ili chombo kiweze kuzisoma.

Huenda msomaji akasema kwamba DVD zinakwisha, na kwamba siku hizi maharusi hupewa picha zao katika flashi au hutumiwa katika simu. Ni kweli. Lakini simu nayo hubana data za sauti, na hubana kwa upotevu, tena wakati ule ule wa kurekodi. Na kila mara faili linapotumwa kutoka mtu hadi mtu huenda likabanwa tena bila ya mwenyewe kuarifiwa. Kwa hiyo dhana hizi zitaendelea kuhitajika hata deki ya mwisho itakapokwisha kuharibika. Zaidi ya hayo, DVD nyingi zenye sauti za watu waliokwisha kufa zimo makabatini mwa watu hivi sasa, zikingoja kuhamishwa. Atakayeandika mwongozo wa kuzihamisha atahitaji kumwambia fundi jambo moja kwa neno moja.

Maneno tuliyoyataja ni mapendekezo, na yanaweza kukosolewa. Tunawaomba hasa walimu na wafasiri walioko Iringa, Mbeya na Njombe wawatembelee mafundi wa video katika miji yao, wasikilize maneno wanayoyatumia kazini, na kutuletea pamoja na sentensi walizoyasikia. Tungalifanya hivyo sisi wenyewe kabla ya kuikabidhi fasiri ile, tungalijua siku ile ile kwamba kugandamiza kulikuwa na mwenyewe.